Kilo za Chai na Kilo za Taka

Sera ya Kitaifa ya Usimamizi Endelevu wa Taka, ambayo Kenya iliitoa mwaka 2021, inakadiria kwamba nchi huzalisha tani 22,000 za taka kila siku, yaani takriban tani milioni 8 kwa mwaka, na tarakimu hiyo imenukuliwa mara nyingi kana kwamba kuna mahali ambapo taka zote za Wakenya zilipitishwa kwenye mizani. Mizani hiyo haikuwepo. Sera yenyewe inaeleza waziwazi jinsi hesabu ilivyofanywa: watu milioni 45 walizidishwa kwa nusu kilo, ambacho ni kiasi kinachodhaniwa kutupwa na mtu mmoja kwa siku, na jibu lililopatikana likawa ndizo taka za taifa. Juu ya msingi huo, na kwa kuchukulia kwamba asilimia 40 ya taka hutoka mijini na kwamba miji inazidi kupanuka, sera inatabiri kwamba ifikapo mwaka 2030 wakazi wa mijini peke yao watakuwa wakizalisha takriban tani milioni 5.5 kwa mwaka, kiasi ambacho ni mara tatu ya kile cha mwaka 2009.

Utabiri wa taka si kupiga ramli. Ni hesabu inayosimama juu ya nguzo mbili, ambazo ni idadi ya watu watakaokuwepo katika mwaka fulani ujao na uzito wa taka ambazo kila mmoja wao atazitoa kwa siku. Nguzo ya kwanza ina sensa nyuma yake, kwa sababu Kenya imekuwa ikihesabu watu wake kila baada ya miaka kumi, na hesabu ya Agosti 2019 ilipata watu 47,564,296, ambao 901,777 kati yao walikuwa wakazi wa Kaunti ya Kericho. Nguzo ya pili, ile ya nusu kilo, haina sensa wala daftari linalojazwa kila siku, nayo hubeba nusu nzima ya hesabu. Anayetaka kuelewa kwa nini utabiri wa taka hukosea, na unavyoweza kurekebishwa, hana budi kuutazama kwa makini uzito huo wa mtu mmoja kwa siku, na kuutazama mahali ambapo mtu huyo anaishi.

Kiptere, kituo cha soko katika eneo la Sigowet na Soin, Kaunti ya Kericho, ni mahali panapofaa kwa kazi hiyo, kwa kuwa pako ukingoni mwa nchi ya chai, ambako miinuko inaanza kuteremka kuelekea Sondu na mashamba ya majani mabichi yanapakana na ya mahindi, mananasi na, huko chini zaidi, miwa. Ikichukuliwa kwamba asilimia 40 ya tani milioni 8 hutoka mijini, na kwamba sensa ya 2019 ilikuta wakazi wa mijini wakiwa karibu asilimia 31 ya Wakenya wote, mgawanyo rahisi unaonyesha kwamba mkazi wa mjini anahesabiwa takriban kilo 0.6 kwa siku na mkazi wa mashambani takriban kilo 0.4. Kwa hiyo kaya ya watu wanne iliyo nje kidogo ya Kiptere inatarajiwa kutoa kilo 1.6 za taka kila siku, na zaidi ya kilo 11 kwa wiki.

Yafaa kuzifuata kilo hizo mpaka zinakoishia. Maganda ya ndizi na ya viazi, pamoja na majani ya nje ya kabeji, hupewa ng'ombe au mbuzi; magunzi ya mahindi hukaushwa yakawa kuni; mabaki ya ugali huliwa na kuku na mbwa; samadi na majani makavu hurudishwa kwenye migomba. Majivu ya jiko, ambayo ni mazito kuliko yanavyoonekana, humwagwa shambani au hutupwa chooni ili kupunguza harufu. Kinachobaki kuwa taka kwa maana halisi, yaani kitu ambacho mwenyewe hana tena matumizi nacho na hakuna kiumbe wala shamba linalokihitaji, ni pakiti za maziwa na za unga, vifuko vya sabuni, chupa za plastiki, betri za tochi, viatu vilivyokatika, nepi za kutupa na vipande vya nguo, navyo kwa kawaida huishia katika shimo lililochimbwa nyuma ya nyumba, ambamo hukusanyika na kuchomwa moto. Je, magunzi na maganda yahesabiwe kuwa taka? Wataalamu hutofautiana, na hapo ndipo tarakimu za nchi moja huweza kuachana sana kabla hata mzani haujaletwa. Kuna taka zilizozalishwa, kuna taka zilizokusanywa na gari au mkokoteni, na kuna taka zilizofika jaani, na kila moja ya hizo ni ndogo kuliko iliyotangulia, kwa sababu njiani kuna mifugo, moto, mito na waokotaji wanaochambua vyuma, chupa na plastiki ili waviuze.

Ugumu huu una bei yake. Kaunti ya Kericho ikihesabiwa nusu kilo kwa kila mtu, wakazi wake wa mwaka 2019 wanapata takriban tani 450 za taka kwa siku. Wakihesabiwa robo kilo, wanapata tani 225. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ni zaidi ya mizigo 30 ya lori la tani saba, kila siku ya Mungu, na ofisa anayepanga bajeti ya malori, mafuta, vibarua na ardhi ya jaa hawezi kusema kwa uhakika kama mizigo hiyo ipo au haipo. Kosa la robo kilo, ambalo mkononi mwa mtu halilemei, linatosha kuifanya kaunti inunue malori maradufu ya yale inayoyahitaji, au nusu yake.

Sokoni mambo ni tofauti na nyumbani. Nanasi, ambalo sehemu za Soin na Sigowet hulivuna na kulipeleka katika masoko ya barabarani hadi Sondu, hupoteza karibu nusu ya uzito wake pindi linapokatwa taji, kumenywa na kutolewa moyo wa katikati, kwa hiyo muuzaji anayewakatia wateja vipande hapo hapo huacha sokoni uzito unaokaribia ule aliouza. Msimu wa mananasi ukipamba moto, rundo la maganda hukua kwa siku chache na kuvutia nzi na nyuki. Msimu ukiisha, rundo linakuwa la maganda ya maharagwe, majani ya ndizi yaliyofungia mizigo na mifuko ya magunia iliyochanika. Mtu akipima taka za Kiptere siku ya soko katika msimu wa mananasi, kisha akazidisha kwa siku 365, atapata soko lisilokuwepo, na mwenzake atakayepima Jumapili ya mvua atapata soko jingine lisilokuwepo. Hili si jambo la pembeni, kwa maana sera hiyo ya taifa inakisia kwamba kati ya asilimia 60 na 70 ya taka za Kenya ni za kuoza, na taka za kuoza hufuata majira ya shamba. Kisicholiwa na mifugo wala kufagiliwa husombwa na maji ya mvua kuelekea mto Sondu, ambao humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria.

Kinachosikitisha ni kwamba nchi ya chai ina desturi ya kupima ambayo pengine haina mfano katika maisha ya kawaida ya Kenya. Mkulima mdogo anayeuza majani kwa viwanda vinavyosimamiwa na Shirika la Ustawi wa Majani Chai, KTDA, hufikisha mzigo wake katika kituo cha kununulia, karani huutundika kwenye mzani, uzito husomwa mbele ya mwenyewe na kuandikwa kwa namba yake ya ukulima, na kilo hizo ndizo zinazoamua malipo ya mwezi na ile bonasi inayongojwa mwaka mzima. Kiwanda nacho hujua kwamba kilo nne hadi tano za majani mabichi hutoa kilo moja tu ya chai iliyokauka, maana sehemu kubwa ya jani ni maji. Kwa sababu kumbukumbu hizo zimewekwa siku baada ya siku kwa miongo mingi, meneja wa kiwanda anaweza kukisia mavuno ya miezi ijayo akiangalia mvua, baridi na upogoaji, na akikosea anajua amekosea kwa kilo ngapi. Mkulima huyo huyo, anayekumbuka uzito wa majani aliyochuma juzi, hana njia ya kujua uzito wa alichokitupa, na hakuna karani aliyewahi kumwuliza.

Hata hivyo, kupima taka hakuhitaji mitambo ya ajabu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, UN-Habitat, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, limetunga mwongozo wa kupima taka za miji, unaoelekeza kwamba zichaguliwe kaya 90, yaani 30 za kipato cha juu, 30 za kati na 30 za chini, kila kaya ipewe mifuko, na taka zake zipimwe kila siku kwa siku nane mfululizo. Taka za siku ya kwanza hazihesabiwi, kwa sababu mara nyingi huwa na mabaki yaliyokuwa yamelala nyumbani tangu kabla ya zoezi kuanza. Siku saba zilizobaki hukamilisha wiki, pamoja na siku ya soko na siku ya ibada. Ili kujua taka zimeundwa na nini, rundo huchanganywa kwa sepetu, likatandazwa mviringo na kugawanywa robo nne, robo mbili zinazokabiliana zikaondolewa, zilizobaki zikachanganywa na kugawanywa tena, mpaka kibaki kiasi kidogo kinachoweza kuchambuliwa kwa mikono na kupimwa aina kwa aina. Vinavyotakiwa ni mzani, turubai, glavu na subira, pamoja na busara ya kurudia zoezi wakati wa kiangazi na wakati wa mvua. Busara hiyo ina umuhimu wa pekee katika miinuko ya Kericho, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima na taka zilizolala nje huweza kuongezeka uzito bila kuongezeka hata ganda moja. Wachumaji wa chai hawahitaji kufundishwa hilo. Wanajua jani lenye umande lina uzito gani.

Kiwango cha leo kikishapimwa ndipo swali la kesho linapoweza kuulizwa, na hapo nguzo ya kwanza, ile ya idadi ya watu, nayo huanza kuyumba. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alitarajiwa kuzaa watoto wapatao wanane katika maisha yake, na uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta kiwango hicho kimeshuka hadi watoto 3.4. Kwa kuwa uzazi umeshuka haraka kuliko ilivyodhaniwa, Umoja wa Mataifa, ambao mwaka 2015 ulikisia kwamba Kenya ingekuwa na watu takriban milioni 95 mwaka 2050, katika toleo la 2022 ulirekebisha makisio hayo yakawa karibu milioni 85. Watu milioni 10 waliofutwa kwenye karatasi, wakizidishwa kwa ile nusu kilo, ni tani 5,000 kwa siku na zaidi ya tani milioni 1.8 kwa mwaka, ambazo mpangaji aliyetumia toleo la zamani angekuwa amezitengea ardhi.

Lakini uchache wa watoto hauleti uchache wa taka kwa uwiano ule ule. Ukubwa wa wastani wa kaya nchini ulipungua kutoka watu 4.2 mwaka 2009 hadi 3.9 mwaka 2019, na kaya inapopungua, kila nyumba bado inahitaji chupa yake ya mafuta, pakiti yake ya chumvi na ufagio wake, hivyo sehemu ya kila mtu inaongezeka. Kipato nacho kina nguvu yake. Wachumi hupima nguvu hiyo kwa kitu kinachoitwa unyumbufu, maana yake ni asilimia ambayo taka huongezeka kipato kinapopanda kwa asilimia moja. Ikiwa kipato kimepanda kwa asilimia 10 na taka zikaongezeka kwa asilimia 6, unyumbufu ni 0.6. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018, ambayo ilikusanya tarakimu za nchi nyingi na kuziunganisha na pato la kila mwananchi, ilikuta kwamba dunia ilizalisha tani bilioni 2.01 za taka za majumbani na mijini mwaka 2016, na ikatabiri tani bilioni 3.40 mwaka 2050. Kwa Afrika kusini mwa Sahara ilikadiria kilo 0.46 kwa mtu kwa siku na jumla ya tani milioni 174, jumla inayotarajiwa kukaribia mara tatu, hadi tani milioni 516, katika kipindi hicho hicho. Sababu mojawapo ni kwamba ongezeko dogo la fedha mfukoni mwa mtu wa kipato cha chini hubadilisha anachonunua kwa kiasi kikubwa kuliko ongezeko kama hilo kwa tajiri.

Kwa Kiptere, badiliko hilo linaonekana katika maziwa. Maziwa yaliyokamuliwa nyumbani na kuhifadhiwa katika sotet, yaani kibuyu cha mursik (maziwa ya mgando), hayaachi taka yoyote isipokuwa majivu ya mti uliotumika kukisafishia kibuyu, na kibuyu chenyewe hudumu miaka. Maziwa yanayonunuliwa dukani huacha pakiti kila siku. Aidha, wafanyabiashara wameuelewa mfuko wa mwananchi, wakamletea bidhaa za kadogo, yaani sabuni, mafuta, majani ya chai na viungo katika vifuko vya shilingi chache, na kadiri kipimo kinavyokuwa kidogo ndivyo uzito wa kifungashio unavyokuwa mkubwa ukilinganishwa na kilichomo. Hapa mstari unaochorwa kutoka kipato hadi taka hupinda, kwa sababu anayenunua kadogo si mwenye fedha nyingi, na hata hivyo anarudi nyumbani na plastiki nyingi kuliko jirani anayenunua debe zima.

Wapo wataalamu ambao, kwa kuyaona matatizo haya, huacha kabisa kuhesabu kilo za mtu na badala yake hufuatilia bidhaa tangu zinapoingia sokoni. Njia hii huchukua kiasi cha bidhaa kilichotengenezwa nchini, ikaongeza kilichoingizwa, ikatoa kilichouzwa nje, kisha ikauliza bidhaa hiyo hudumu muda gani kabla ya kutupwa. Pakiti ya maziwa hudumu siku moja, kiti cha plastiki miaka kadhaa, simu ya mkononi miaka michache, betri ya taa ya sola miaka kadhaa kutegemea matumizi. Kwa hiyo taa za sola zilizouzwa katika vijiji vya Kericho na Bomet miaka ya nyuma tayari ni taka za mwaka unaojulikana takribani, ingawa leo bado zinawaka. Kwa njia ya aina hii Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba taka za vifaa vya umeme duniani zilikuwa tani milioni 62 mwaka 2022 na zitafika tani milioni 82 mwaka 2030. Udhaifu wa njia hii katika Afrika Mashariki ni vitu vilivyotumika: mitumba, simu za mkono wa pili na vipuri, ambavyo mafundi wa jua kali huvifufua mara tatu nne, hivi kwamba umri wa kifaa ulioandikwa kwenye vitabu vya Ulaya hauna maana katika kibanda cha fundi wa Kiptere.

Tena kuna mambo ambayo hakuna mstari unaoweza kuyatabiri, kwa sababu hutokana na uamuzi wa binadamu. Kenya ilijaribu mwaka 2007 na tena mwaka 2011 kuizuia mifuko myepesi ya plastiki bila mafanikio, na mtabiri wa wakati huo angekuwa na haki ya kuamini kwamba mifuko ingeongezeka mwaka hadi mwaka. Kisha tarehe 28 Agosti 2017 katazo likaanza kutumika, likiwa na adhabu kali za faini na kifungo, na mifuko hiyo ikatoweka mikononi mwa wauza mboga ndani ya muda mfupi. Nafasi yake ilichukuliwa kwa sehemu na mifuko ya nyuzi isiyofumwa, ambayo ni mizito zaidi. Kwa sababu hiyo utabiri ulio makini hautoi tarakimu moja bali hutoa njia kadhaa, ukieleza kitakachotokea mambo yakiendelea kama yalivyo, kitakachotokea sheria ikitekelezwa, na kitakachotokea taka za kuoza zikitenganishwa na kufanywa mboji. Tarakimu moja isiyo na upana wa kukosea inampa mpangaji ujasiri asiostahili.

Athari za kupanga bila kipimo ziko wazi jijini Nairobi, ambako jaa la Dandora, lililofunguliwa miaka ya 1970, lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001 na bado malori yakaendelea kumwaga humo kwa miaka mingi baadaye, huku watoto wa mitaa ya jirani wakivuta moshi wake. Jaa la kisasa, lenye sakafu isiyopenyeza maji machafu, hujengwa kwa ujazo maalumu na kwa miaka maalumu. Likikadiriwa kuwa dogo, hufurika, na likikadiriwa kuwa kubwa mno, fedha ambazo zingejenga zahanati hulala ardhini. Hata gesi ya methani inayotokana na kuoza kwa taka, ambayo huchangia kuongezeka kwa joto la dunia, haiwezi kukadiriwa bila kujua ni tani ngapi za kuoza zilizikwa mwaka gani, maana kila tani huendelea kutoa gesi kwa miaka mingi, tena huoza haraka zaidi mahali penye mvua kama Kericho kuliko mahali pakavu.

Katiba ya mwaka 2010 ilikabidhi kaunti kazi ya kuzoa taka na kuendesha majaa, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 ikaziongezea wajibu wa kutunza takwimu za taka na kuipa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, taarifa hizo. Kwa kaunti yenye vituo vingi vya soko kama Kiptere, pa kuanzia panaweza kuwa padogo sana: kaya chache za mashambani na chache za kituoni, wiki moja ya mvua na moja ya kiangazi, na mzani usio mkubwa kuliko ule unaoning'inia katika kituo cha kununulia majani. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, KNBS, inao tayari mlango wa kuingilia katika kila nyumba, kwa sababu fomu ya sensa ya 2019 iliuliza kaya hutupa taka zake kwa njia gani, na kutoa majibu ya kuchagua kama vile kukusanywa na kaunti, kuchomwa hadharani, kufukiwa, kutupwa katika ua au kupelekwa katika shimo la mboji. Sensa inayofuata inatarajiwa mwaka 2029, mwaka mmoja kabla ya ule ambao sera ilitabiri tani milioni 5.5, na fomu ya mwisho ilimwuliza mkazi wa Kiptere taka zake huenda wapi bila kumwuliza ni kilo ngapi.